Kicheko cha St. John's, cha Tuam au cha London: uanze na albamu ipi?

Nilikuwa kwenye daladala, nimebanwa dirishani, hedifoni masikioni. Wimbo ulikuwa wa msiba. Marehemu anaitwa Pat Murphy, mjane yuko pembeni analia, nyumba imejaa waombolezaji. Wahuni fulani wanajipenyeza chumba cha pili, wanaiba chupa ya wiski, wanaiweka palepale kwenye barafu alikolazwa maiti isije ikapata joto. Usiku unakwenda, wanaisimamisha saa ya ukutani ili mama mwenye msiba asijue ni saa ngapi akawafukuza. Kesho yake msafara unaondoka, unafika mtaa wa baa, unasimama "kidogo". Wanaingia saa mbili na nusu asubuhi, wanatoka adhuhuri wakipepesuka, wanapanda hadi makaburini, na wakiwa pale juu ndipo wanagundua kwamba maiti wamemsahau.

Nilicheka kwa sauti. Konda akanitazama kama mtu aliyepanda gari la kwenda kusiko kwake.

Mtanzania aliyewahi kuona watani wakilizuia jeneza, mmoja amejilaza kaburini anadai hela ya soda ndipo anyanyuke, hahitaji kufafanuliwa wimbo kama huo. Anaujua mchezo. Anajua pia kwamba mtani huyohuyo ndiye aliyekesha matanga siku tatu na kuchota maji ya kuoshea vyombo.

Bendi hiyo ni Great Big Sea, na albamu inaitwa Play, ya mwaka 1997. Kutoka hapo nikaanza kuwatafuta ndugu zake: bendi zinazochanganya ngoma za asili za Kikelti, yaani za Ayalandi na Uskoti, na magitaa ya umeme, na zisizoona haya kuchekesha. Nilizozisikiliza ni nyingi, nyingine za kusikia mara moja ukaaga. Zilizobaki kwenye simu yangu ni tatu, na kila ninapomchezea mtu kipande, swali ni lilelile: nianze na ipi? Nikawa natoa jibu tofauti kila mara, mpaka nikagundua kuwa najibu kwa kumtazama anayeuliza. Kwa hiyo nitaziweka hapa zote tatu, wewe ujitazame mwenyewe.

Kwanza masikio

Usiogope neno Kikelti. Vyombo vyake si vigeni kwetu kiasi unachodhani. Kuna fidla, ileile ya taarabu. Kuna akodiani, ambayo Unguja imezeekea kwenye taarabu na Murang'a wazee wanaikumbuka kwa mwomboko, ikisindikizwa na chuma cha kugonga. Kuna bodhrán, ngoma ya ngozi ya mbuzi iliyowambwa kwenye duara la mbao. Ukiiona utasema ni dufu, ila hawa huipiga kwa kijiti. Kuna filimbi nyembamba ya bati yenye matundu sita, sauti yake kali kama ya kuku aliyefinywa. Banjo nayo imo. Halafu juu ya hayo yote wanaweka besi, dramu na gitaa la rock.

Midundo yao mikubwa ni miwili. Reel huenda mbio kwa mapigo manne, ni ya kukimbiza. Jig huenda kwa sita, na hapo ndipo mtu wa pwani anaposhtuka. Niliicheza jig moja nyumbani Tanga, ya fidla na filimbi tu, shangazi yangu akiwa jikoni anakuna nazi. Mbuzi ikanyamaza. Nikageuka, nikamwona bado ameikalia, kifuu mkononi, bega linajibu.

"Hii chakacha ya wapi?"

"Ya Ayalandi, shangazi."

"Huko nako kuna chakacha?"

"Wao wanaiita jig."

"Waite watakavyo," akasema, akaendelea kukuna, safari hii kwa mdundo.

St. John's: utani wa wavuvi

Great Big Sea walitoka Newfoundland, kisiwa kilicho ncha ya mashariki ya Kanada, ambako wahamiaji wengi walitoka kusini mwa Ayalandi na magharibi mwa Uingereza. Kisiwa hicho kiliingia Kanada mwaka 1949 tu, na lafudhi ya watu wake mpaka leo ina harufu ya Ayalandi. Uhai wao ulikuwa samaki wa cod. Mwezi Julai 1992 serikali ya Kanada ilipiga marufuku uvuvi wa samaki huyo kwa sababu alikuwa amekwisha baharini, na watu wapatao 30,000 wakajikuta hawana kazi. Bendi ikaundwa mwaka uliofuata St. John's, mji wa hukohuko kisiwani.

Ukijua hilo, zile kelele zao za furaha unazisikia vingine. Ni vijana wanaoimba nyimbo za bahari wakati bahari imefungwa.

Nguvu ya Play ni sauti za watu. Wanne wote wanaimba, na wanaitikiana kama wavuvi wanaovuta juya: mmoja anatupa mstari, wengine wanaudaka. Kuna wimbo mmoja hauna chombo hata kimoja, ni makoo matupu, na ndio mzito kuliko wote. Kuna mwingine ambao ni mchezo mtupu: waliuchukua wimbo wa R.E.M., bendi ya rock ya Marekani, unaohusu mwisho wa dunia, ambao tayari maneno yake yanamwagika kama mahindi kwenye gunia lililotoboka, wao wakauongeza kasi. Utani wote ni huo, na unatosha. Ukijaribu kuimba nao ulimi utafunga fundo.

Kasoro zake? Katikati kuna nyimbo za mapenzi zilizotengenezwa kwa ajili ya redio, laini, zimepakwa sukari. Mimi huziruka. Na sauti ya albamu nzima ni safi mno, hakuna jasho. Anayetaka jasho atafute Road Rage, ya mwaka 2000, waliyorekodi jukwaani na watu wakipiga kelele.

Tuam: utani wa mji mdogo

Kwa lugha ya Kiingereza ya mafundi, saw doctor alikuwa fundi wa kuzunguka, anatoka kiwanda cha mbao kimoja kwenda kingine akinoa na kunyoosha misumeno. Wazia yule mnoa visu wa baiskeli anayepita mtaani, anageuza baiskeli, anakanyaga pedeli, cheche zinaruka. Ukimpata huyo umewapata The Saw Doctors, bendi iliyoanza mwaka 1986 Tuam, mji mdogo wa jimbo la Galway magharibi mwa Ayalandi.

Albamu yao ya kwanza, ya 1991, inaitwa If This Is Rock and Roll, I Want My Old Job Back. Yaani: kama hii ndiyo rock and roll, basi nirudishieni kazi yangu ya zamani. (Utani huo una mkia. Miaka miwili baadaye mpiga kinanda na akodiani wao alishinda bahati nasibu ya taifa, donge nono, na haikuchukua muda akaiacha bendi. Kazi ya zamani hakuihitaji tena.)

Wimbo uliowatoa unaitwa I Useta Lover. Hebu litazame jina: limeandikwa kimakusudi vile linavyotamkwa mtaani, ni kama mtu aite wimbo wake "Nilikuwaga Nampenda" na mwalimu wa Kiswahili afe kwa presha. Kijana anamkumbuka msichana aliyekuwa akimzimia, na kumbukumbu yenyewe haiko ufukweni wala kwenye dansi. Iko kanisani, misa inaendelea, na yeye macho yake hayako altareni. Mwaka 1990 wimbo huo ulikaa namba moja Ayalandi wiki tisa. Nchi iliyokuwa ikienda misa karibu nzima ilijicheka.

Hapa sasa ndipo penye siri ya Saw Doctors: hawachekeshi kwa visa. Wanachekesha kwa kutaja. Barabara ya kwao, shule ya bweni ya masista, gazeti linalosomwa na Waayalandi walioko Uingereza, gari jekundu aina ya Cortina lililobeba penzi la kwanza. Cortina hiyo wazee wetu wanaijua, ndiyo iliyoshinda Safari Rally mwaka 1964. Kila kitu kinaitwa kwa jina lake, kwa sauti ya mtu anayepiga soga kibarazani. Aliyekulia Muheza, Kakamega au Masasi ataelewa haraka kuliko aliyekulia jiji kubwa: ule mji ambao ukipita na mtu ambaye hukuwa naye jana, mama yako anajua kabla hujafika nyumbani.

Na katikati ya soga hiyo wamepachika N17. Hiyo ni namba ya barabara, ile iliyokuwa ikitoka Galway ikapita Tuam kuelekea Sligo. Anayeimba yuko ng'ambo, anatamani awe ndani ya gari kwenye barabara hiyo, kuta za mawe huku, majani mabichi huku. Basi. Hakuna zaidi. Ilitoka kwanza kama singo mwaka 1989, na aliyeitayarisha ni Mike Scott wa The Waterboys, lakini wala huhitaji kujua hilo. Miaka ya themanini vijana wa Ayalandi waliondoka kwa maelfu kutafuta kazi London, Boston, New York. Fikiria mtu aliyeko Muscat au Minneapolis anaimba kwa uchungu kuhusu barabara ya Segera. Namba ya barabara inaweza kumliza mtu mzima.

Kasoro ya albamu hii ni kwamba ladha ya Kikelti ni ya chumvi tu, imo lakini haionekani. Kwa kiasi kikubwa ni magitaa, na baadhi ya nyimbo za nyuma huzitofautishi. Anayetafuta fidla na filimbi atasubiri sana.

London: utani wa mtu aliyepigwa

The Pogues nimewaacha mwisho kwa sababu wakitangulia wanawafunika wenzao.

Walianza King's Cross, London, mwaka 1982, wakijiita Pogue Mahone. Kwa Kiingereza jina hilo halina maana yoyote, linapita. Kwa Kigaeli ni "nibusu makalio". Waliojua lugha wakalalamika BBC, jina likakatwa likabaki The Pogues, yaani mabusu peke yake. Spider Stacy, mpiga filimbi, siku za mwanzo alikuwa akijipiga kichwani na sinia la bia kama chombo cha midundo. Hao ndio watu tunaowazungumzia.

Albamu yao ya pili ni Rum Sodomy & the Lash, ya 1985, iliyotayarishwa na mwanamuziki Mwingereza Elvis Costello. Jina hilo usilitafsiri mbele ya wakwe. Ni msemo wa kuwakejeli wanamaji wa Uingereza, ambao watu hupenda kumbambikia Churchill. Na jalada lake ni utani wa pili: wamechukua mchoro maarufu wa Mfaransa Géricault, ule wa watu waliovunjikiwa na meli ya Medusa wakielea juu ya chelezo, wakabandika nyuso zao wenyewe kwenye miili ya wanaokufa kiu.

Mwimbaji na mtunzi wao, Shane MacGowan, alizaliwa Kent, Uingereza, siku ya Krismasi 1957, wazazi Waayalandi. Kwa hiyo anaimba Ayalandi akiwa amesimama nje ya mlango wake. Wimbo wa kwanza unamchukua Cúchulainn, shujaa wa hadithi za kale, na kumlaza kitandani katikati ya walevi, makahaba na majini. Unaanza polepole kama sala, halafu mlango unapigwa teke. Ukicheka, unacheka kwa mshtuko. Wimbo wa pili, nadhani ndio mchungu kuliko zote, ni wa mvulana wa miaka 16 aliyefika London na kuishia kujiuza mitaani. Hapo hakuna utani hata chembe, na bado unapigwa kwa sauti ya mtu anayesimulia kisa baa.

Hawa pia wanajua kuchagua wimbo wa mtu mwingine. Ule wa mji mchafu wa viwanda, ambao watu wengi wanadhani ni wa Ayalandi, ni wa Ewan MacColl na mji wenyewe ni Salford, Uingereza. Binti yake, Kirsty MacColl, ndiye aliyekuja kuimba nao mwaka 1987 ule wimbo wa Krismasi wa wapenzi wanaotukanana New York, ulioishia namba mbili Uingereza. Wimbo huo haumo kwenye albamu hii. Umo kwenye ya 1988, If I Should Fall from Grace with God. Hiyo imenyooka zaidi, ina fedha zaidi ndani yake, na kama unaupenda wimbo huo anzia huko wala sitakulaumu. Mimi bado naipendelea ya 1985, yenye kucha chafu.

Gallipoli, mara mbili

Kitu kimoja kilichonisaidia kuzipima ni vita. Albamu mbili kati ya hizi zina wimbo unaogusa mapigano ya Vita vya Kwanza vya Dunia ya Gallipoli, kule Uturuki, mwaka 1915, na zote mbili ni za vichekesho, kama unavyoambiwa.

Kwenye Play ni sajini anayeandikisha askari: njooni, vijana hodari wa Newfoundland. Mdundo ni wa gwaride, unapiga mguu bila kutaka, na ndio ujanja wake, kwa sababu ndivyo vijana wale walivyochukuliwa. Tarehe 1 Julai 1916, Beaumont-Hamel, Ufaransa, kikosi chao cha watu wapatao 800 kilitoka mahandakini. Kesho yake majina yalipoitwa waliitika 68. Kanada inasherehekea siku yake ya taifa tarehe hiyohiyo. Newfoundland asubuhi yake inaomboleza kwanza.

Kwa The Pogues ndio wimbo wa kufungia albamu, utunzi wa Eric Bogle, Mskoti aliyehamia Australia. Askari anarudi bila miguu, anazeeka, anaketi kibarazani kila mwaka kuwatazama wenzake wakipita kwa gwaride, na kila mwaka wamepungua. Unachukua dakika nane hivi. MacGowan hauimbi kwa uzuri. Anauburuta, kama mtu anayepanda ngazi na mzigo.

Wa kwanza utaupiga kwenye gari na watoto wataitikia. Wa pili ukiisha utazima redio ukae kidogo.

Basi uchukue ipi

Tuanze na Kiingereza, maana ndicho kinachowakwaza wengi. Saw Doctors wanaeleweka kuliko wote ukishazoea lafudhi, kwa kuwa wanaongea mambo ya kawaida. Great Big Sea wanakwenda mbio, ila kiitikio kinarudi mara nyingi hadi utakishika tu. MacGowan alikuwa na meno machache na subira chache zaidi. Maneno yake yasome pembeni, vinginevyo nusu ya ushairi itapotea, na yeye ndiye mshairi hasa kati ya wote.

Pombe. Najua kuna nyumba ambazo wimbo wa kusifia ulevi haupigwi, na ni haki yao. The Pogues ni pombe kuanzia jalada, ingawa sijui nani mwingine aliyeionyesha pombe inavyomla mtu kwa ukweli kama wao. Great Big Sea wanakunywa kwa shangwe, na huo msiba wa Murphy umelowa wiski. Kwa Saw Doctors pombe si habari. Habari ni msichana, barabara na jirani.

Watoto: Play, bila kufikiri mara mbili. Mwanangu ana miaka saba na anaujua wimbo wa punda wote, Kiingereza chake mwenyewe.

Mwenye kutaka Ukelti wa kweli, fidla ikate na filimbi ikune, aende The Pogues au Great Big Sea. Aliyezoea rock ya magitaa na anaogopa mambo ya asili aingie kwa mlango wa Tuam. Aliye mbali na kwao, Doha, Leeds, Toronto, popote, aanze na Saw Doctors pia, lakini N17 asiisikilize usiku wa kuamkia sikukuu.

Na anayetaka kucheka tu, hataki historia wala machozi? Kuna bendi ya nne, Gaelic Storm, ya Marekani, wale waliopiga muziki wa abiria wa daraja la chini kwenye filamu ya Titanic ya 1997. Wana wimbo wa mnywaji bingwa aliyekufa kwa kiu katikati ya kinywaji. Watakuchekesha sana. Sikuwaweka na hawa watatu kwa sababu nikishacheka nao nimemaliza, sina cha kurudia.

Mfanyakazi mwenzangu aliyeniuliza juzi ni mtu wa kulia haraka na hapendi kuonekana. Nilimpa The Pogues. Ningempa Play angenishukuru siku hiyohiyo. Huyu amenyamaza wiki ya pili sasa, na nimemwona mara mbili wakati wa chakula amekaa peke yake na hedifoni.

MacGowan alifariki tarehe 30 Novemba 2023. Mazishi yalifanyika Nenagh, jimbo la Tipperary, siku nane baadaye, na ule wimbo wa Krismasi ulipopigwa kanisani, ndugu na jamaa walinyanyuka wakacheza, jeneza likiwa palepale. Nilimwonyesha shangazi video hiyo kwenye simu. Aliitazama hadi mwisho, akaniomba nirudie.

"Hawa nao wana watani," akasema. Kisha akakumbuka. "Na yule wa kule kwingine, yule waliyemsahau. Walirudi kumchukua?"

"Wimbo hausemi, shangazi."

Akasonya. "Sasa huo nao wimbo gani."